Kutoka Tandale hadi Mwitongo: Safari katika Nyayo za Mwalimu Aliyeng'atuka

Kata ya Tandale, iliyobanwa kati ya Manzese, Sinza, Kijitonyama na Magomeni katika wilaya ya Kinondoni, haitajwi katika vitabu vya watalii, kwa kuwa haina ufukwe wala mnara wa kumbukumbu, na hata ramani yake ya kina, yenye vichochoro, vyoo na vioski vya maji, haikupatikana ila mwaka 2011, pale wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliposhirikiana na wakazi wenyewe kuipima mitaa yao katika mradi ulioitwa Ramani Tandale. Jina la kata hii linajulikana nchini kwa mambo mawili, muziki na nafaka, na ni hilo la pili linalomfanya mtu anayetaka kumkumbuka mwalimu mstaafu aliyependa jembe na safari aanzie hapa, wala si penye sanamu au ukumbi uliopewa jina lake.

Soko la Tandale ni soko la nafaka la jumla, yaani mahali ambapo mzigo haupimwi kwa kibaba bali kwa gunia, na ambapo mahindi yaliyopitia soko la Kibaigwa, mchele wa Mbeya na maharage ya Kigoma hushushwa na wapagazi kabla jua halijakolea, kisha hupita mikononi mwa madalali na kugawanyika katika madebe na sado mpaka yaingie katika sufuria za jiji. Hapo ndipo neno lumbesa linaposikika kwa maana yake halisi: ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kilemba cha kamba na wavu juu, hivi kwamba mkulima aliyelipwa bei ya gunia moja huwa ametoa zaidi ya gunia moja. Sheria ya vipimo inalikataza, na kwa mahindi, ambayo siku hizi mara nyingi hupimwa kwa mizani, limepungua. Lakini neno lenyewe limebaki hai, na anayelisikia anajifunza kwa sekunde chache kile ambacho hotuba nyingi za kilimo hazikuweza kukieleza, kwamba kati ya mkulima na mlaji mna watu wengi, na kila mmoja wao ana kipimo chake.

Nyuma ya soko, kuelekea bonde la mto Ng'ombe, nyumba zimesogeleana kiasi kwamba bati la huyu linamwagia maji ukutani kwa yule, na ardhi ya kupanda kitu imebaki ya kuhesabu kwa viganja. Hata hivyo watu wanapanda. Ndoo ya rangi iliyovunjika mkono hutobolewa matundu chini, ikajazwa udongo uliochanganywa na majivu na mbolea ya kuku, na humo hupachikwa vikonyo vya matembele, yaani majani ya viazi vitamu, ambayo baada ya wiki chache hufurika na kuning'inia nje ya ndoo kama shuka lililoanikwa. Tairi kuukuu hukatwa na kugeuzwa likawa tuta la mchicha. Na penye nafasi ya hatua mbili husimama mpapai, ambao hauombi mengi zaidi ya maji ya kuoshea vyombo. Katika nyumba nyingi mwenye kushughulika na ndoo hizo ni mstaafu, na si mara chache mstaafu huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, aliyehamishwa kituo baada ya kituo katika miaka yake ya kazi, na ambaye mkono wake, baada ya kuiacha chaki, umekosa kazi nyingine inayolingana nayo kwa uvumilivu. Wakazi humwita "Mwalimu" tu, bila jina, na anaitika.

Neno hilo linastahili kutazamwa kabla ya safari kuendelea. Mwalimu ni neno lililotoka katika Kiarabu, ambamo muallim ni mfundishaji, na katika pwani ya Waswahili lilimhusu kwanza mwalimu wa chuo, anayewafundisha watoto Kurani. Lakini katika lugha ya mabaharia wa Bahari ya Hindi muallim alikuwa pia kiongozi wa chombo, mtu ajuaye nyota, pepo za musimu na milango ya bandari, na Ahmad ibn Majid, mwanabahari mashuhuri wa karne ya 15, alihesabiwa katika cheo hicho. Kwa hiyo mwalimu asafiriye si kioja katika historia ya neno lenyewe. Kuhusu kuacha kazi, Kiswahili kina maneno mawili yasiyolingana kabisa. La kwanza ni kustaafu, lenye asili ya Kiarabu pia, ambalo shinani mwake mna wazo la mtu kuomba aachiliwe, asamehewe utumishi. La pili ni kung'atuka, lililoingizwa katika Kiswahili cha siasa na Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania na ndiye mwalimu wa nyayo hizi, kutoka Kizanaki, lugha ya kwao, ambamo lilihusu wazee wa rika moja kuondoka kwa hiari katika madaraka ya jamii ili rika linalofuata lishike. Anayestaafu ameachiliwa na mwajiri. Anayeng'atuka ameachia mwenyewe. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi za pensheni, lakini ndiyo iliyomfanya Nyerere, alipoondoka katika urais tarehe 5 Novemba 1985 na kumwachia Ali Hassan Mwinyi, ashike njia ya kijijini na jembe badala ya kusubiri wageni sebuleni.

Kutoka Tandale hadi Magomeni ni mwendo wa miguu usiofika saa moja, kwa anayejua kukatiza vichochoro mpaka Barabara ya Morogoro, ambako tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yamejitwalia njia yake ya katikati. Katika Mtaa wa Ifunda ipo nyumba ya kawaida, ambayo sasa ni makumbusho, na ambamo Nyerere aliishi na familia yake katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, baada ya kuacha kazi ya ualimu na baada ya kupokewa kwanza na Abdulwahid Sykes nyumbani kwake Kariakoo. Mama Maria, aliyeolewa mwaka 1953, aliendesha duka dogo ili jikoni pasilale njaa, kwa kuwa kazi ya kuongoza TANU, chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, haikuwa na mshahara wa kutegemea. Vitu vinavyoonyeshwa humo ni vya mtu wa kipato cha kati cha mji wa Kiafrika wa wakati ule, vitanda, viti na vyombo, na mgeni aliyezoea makumbusho ya wafalme hutoka haraka. Ni kosa kutoka haraka. Nyumba hii ni ushahidi kwamba mtu aliyekuwa na shahada ya Edinburgh, jambo adimu mno katika Tanganyika ya mwaka 1952 aliporejea, aliishi kwa majirani ambao leo wangeitwa watu wa uswahilini, yaani wa mitaa iliyojazana, isiyo na uzio, ambamo siri ya nyumba moja ni habari ya nyumba tatu.

Kinachokosekana pale Ifunda ni shamba, na kwa kulikosa mtu anaelewa kwa nini maisha ya mjini hayakumkaa mwilini mtu huyu hata alipokuwa na nyumba nyingine Msasani, karibu na bahari. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa mtemi Nyerere Burito na mama Mgaya, akachunga mifugo kabla ya kupelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Akasoma Tabora, kisha Makerere, ambako alipata stashahada ya ualimu, akafundisha shule ya Mtakatifu Maria huko Tabora, akaenda Uskoti. Orodha hii ya vituo inaonekana kama ya mtu anayeukimbia udongo. Lakini alipojiuzulu ualimu mwaka 1955 alirudi kwanza Butiama kwa miezi kadhaa, akawa anamfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll. Na alipojiuzulu uwaziri mkuu mnamo Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alitumia mwaka ule kuzunguka nchi na kuandika. Kila alipoweka chini cheo, mwili wake ulielekea ama kijijini ama njiani.

Njia iliyo muhimu kuliko zote katika jiji hili ni ile ya Pugu. Shule ya Mtakatifu Fransisko ya Pugu, alikofundisha kuanzia mwaka 1953 hadi 1955, iko katika vilima vya kusini-magharibi mwa jiji, zaidi ya kilomita 20 kutoka kati ya mji, na simulizi inayojulikana sana katika Dar es Salaam ni kwamba mwalimu huyu, akiwa rais wa chama cha TAA na baadaye wa TANU, aliutembea umbali huo kwa miguu mwishoni mwa juma ili ahudhurie mikutano, kisha akarudi kwa wakati wa kuingia darasani. Msafiri wa leo hupanda daladala ya kwenda Pugu na kuupitia mwendo ule akiwa amesimama, ameshika bomba la juu kwa mkono mmoja na nauli kwa mkono wa pili, na kile anachokiona dirishani ni kama sura za kitabu cha maisha ya mtu mmoja zilizopangwa bila kufuata mwaka: stesheni ya TAZARA, mwanzo wa reli iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 ili Zambia isitegemee bandari za kusini zilizokuwa mikononi mwa Wareno na makaburu, kisha Kipawa na uwanja wa ndege, ambao leo unaitwa kwa jina lake, kisha Ukonga, Gongo la Mboto, na mwisho vilima vya Pugu na msitu wake wa hifadhi, ambao umeliwa na mkaa na makazi kwa sehemu kubwa. Barabara yenyewe, iliyokuwa Barabara ya Pugu, sasa ni Barabara ya Nyerere. Kuna kejeli ndogo katika hilo, ingawa haikukusudiwa: barabara iliyopewa jina la mtembea kwa miguu ni miongoni mwa zile ambazo kuzivuka kwa miguu kunahitaji moyo.

Alitembea kwa miguu tena, na safari hiyo kwa makusudi, mnamo Oktoba 1967, akiwa rais wa nchi. Azimio la Arusha, tamko la TANU la ujamaa na kujitegemea, lilikuwa limetangazwa Februari, vijana wengi wakaliunga mkono kwa matembezi ya masafa marefu, naye akatoka Butiama na kutembea hadi Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, zaidi ya kilomita 200, siku baada ya siku, katika joto la ukanda wa ziwa. Mtu anayepita leo kwa basi katika barabara hiyo, kutoka Mwanza kupitia Magu, Lamadi na Bunda, akiwa na soda baridi mkononi na nyasi za Serengeti upande wa kulia, hupata shida kuamini kwamba kiongozi wa nchi aliwahi kuona inafaa kuipima nchi kwa unyayo.

Mwaka huohuo, mwezi Machi, aliandika Elimu ya Kujitegemea, andiko ambalo lilitaka kila shule iwe pia mahali pa uzalishaji, na ambalo linahitaji kuelezwa kwa haki kwa sababu limeacha alama katika mikono ya kizazi kizima. Hoja yake ilikuwa kwamba shule iliyomwandaa mtoto kwa ajili ya ofisi, katika nchi ambamo takriban watu wote ni wakulima, inamfundisha kuwadharau wazazi wake. Basi shule iwe na shamba, mapato ya shamba yaihudumie shule, na mwanafunzi ajue kwa nini samadi inawekwa kama ajuavyo kwa nini sentensi inapewa nukta. Kwa mwalimu mpenda bustani hili lilikuwa jambo la kawaida. Katika shule nyingi, hata hivyo, shamba liligeuka kuwa adhabu: aliyechelewa alipalilia, aliyezungumza darasani alimwagilia, na aliyeshindwa hesabu alibeba samadi, hivi kwamba mtoto alijifunza kwa vitendo kwamba jembe ni la mkosaji. Wapo watu wazima katika Tandale ambao hata leo, wakimwona mwalimu mstaafu ameinama juu ya ndoo yake ya matembele, hucheka kicheko cha mtu anayekumbuka mgongo wake mwenyewe.

Kilichotokea shuleni kilitokea kwa kipimo kikubwa vijijini. Mwaka 1972 TANU ilitoa huko Iringa tamko la Siasa ni Kilimo, na mnamo Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Katika miaka mitatu iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa kushawishiwa, wengine kwa magari ya serikali na kuchomewa nyumba, wakaacha miti yao ya matunda, makaburi yao na mashamba ambayo ubora wake waliujua hatua kwa hatua. Ukame wa wakati ule na kuvurugika kwa kilimo viliilazimu nchi kuagiza chakula kwa wingi kutoka nje. Katika andiko lake la mwaka 1977, lililotazama nyuma miaka kumi ya Azimio la Arusha, alikiri makosa mengi, ingawa si yote. Hapa ndipo mwandishi wa kumbukumbu anapokabiliwa na jambo gumu kuhusu mtu huyu, nalo ni kwamba aliyelipenda shamba kwa dhati alitoa amri zilizowatenga wengine na mashamba waliyoyapenda, na kwamba mapenzi hayo hayo yalikuwa mzizi wa yote mawili. Mtu anayeamka kulima kwa hiari yake huona taabu kuelewa kwa nini jirani hapendi kulima mahali alipopangiwa.

Butiama iko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na safari hiyo haina haja ya kusimuliwa kwa urefu, kwa kuwa Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga hupita dirishani katika usingizi wa vipande. Kutoka barabara kuu ya Musoma njia hukunja kuingia kwenye vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, ambayo mtu asiyeyazoea hudhani yamewekwa na watu, na juu ya kimojawapo ndipo penye Mwitongo. Neno hilo la Kizanaki lina maana ya mahame, yaani mahali palipokuwa makazi ya wazee waliotangulia, na ni hapo alipozikwa mtemi Nyerere Burito na hapo alipozikwa mwanawe. Karibu upo msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki huuheshimu kama mahali pa mizimu, na ambao kwa heshima hiyo umebaki na kivuli wakati vilima vingi vya mkoa wa Mara vimevuliwa miti. Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999 yako hapohapo.

Alipong'atuka, mstaafu huyu alilima mahindi na mtama, alipanda miti, na wageni waliofika asubuhi mara nyingi waliambiwa wamfuate shambani, kwa sababu saa za asubuhi alikuwa nazo miadi. Jioni alicheza soro, aina ya bao inayochezwa katika ukanda wa Ziwa, na katikati ya mchana alifasiri. Kazi ya kufasiri aliianza zamani, alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, ikatoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969, mwaka uleule ilipotoka tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Kazi ya uzeeni ilikuwa ndefu zaidi, kuzigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, ambazo zilichapishwa mwaka 1996. Utenzi ni shairi refu la beti fupi zenye mishororo ya mizani minane, lililotumiwa pwani kwa karne kadhaa kusimulia habari za mitume na vita. Na kwamba Mkatoliki wa bara, mwana wa mtemi asiyejua Kiswahili utotoni, alilichagua umbo hilo la Waislamu wa pwani ili kueleza imani yake, ni jambo ambalo wachambuzi wa fasihi bado hawajalitendea haki. Huenda wameona aibu kwamba aya zake nyingine ni za mkulima zaidi kuliko za malenga. Zisomwe hivyohivyo.

Asidhani mtu, kwa maelezo hayo, kwamba alitulia. Kuanzia mwaka 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Kusini, iliyokuwa na ofisi yake Geneva na katibu mkuu wake Manmohan Singh wa India, na ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza namna nchi maskini zinavyoweza kutegemeana katika biashara, elimu na madeni badala ya kila moja kupiga magoti peke yake. Kazi hiyo ilimtembeza katika mabara, na ripoti yake ilitoka mwaka 1990. Alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 70 alipewa usuluhishi wa mgogoro wa Burundi, akawakutanisha wanasiasa wa nchi hiyo Mwanza na baadaye Arusha, wengi wao wakiwa na umri wa wanafunzi wake wa zamani, na inafahamika kwamba aliwakemea kama wanafunzi. Katikati ya vikao alirudi Mwitongo. Ratiba ya namna hiyo, Arusha na palizi, Geneva na mavuno, ingemchosha kijana.

Safari ya mwisho ilikuwa ya London, alikokwenda kutibiwa saratani ya damu, akafariki dunia katika hospitali ya Mtakatifu Thomas tarehe 14 Oktoba 1999. Mwili uliteremshwa katika uwanja wa ndege ulio kando ya barabara ya Pugu, ukapitishwa mbele ya watu waliojipanga kando ya njia aliyokuwa akiitembea kwenda kwenye mikutano, ukalazwa katika uwanja wa taifa ili umma uage, kisha ukapelekwa Butiama. Alizikwa tarehe 23 Oktoba. Katika vilima vile huo ndio wakati wa vuli, ambapo mashamba huwa yamekwisha kutifuliwa, mbegu zimetolewa ghalani na kuchambuliwa, na wakulima hutazama upande wa ziwa kuona kama wingu limeshika.